Nani Alipuliza Filtre

Kapata, Jumapili tarehe 9 mwezi wa tatu 2025

Manseba,

Nakusalimu, mjomba wangu: moyo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa mbele ya nyumba yako huko Kasaji na mashine ya kusaga ya mtu imefumuliwa miguuni pako. Sisi tupo. Mama, yaani dada yako, miguu inamvimba jioni, lakini asubuhi haimzuii kitu: anatembea mpaka misa ya kwanza na kurudi na habari za mtaa mzima. Mdogo wangu Fifi amejifungua mtoto wa kike mwezi uliopita. Wamempa jina la mama, Mbombo. Mama anajifanya hajali, lakini mchana kutwa namsikia akimwita mtoto “majina yangu, majina yangu.”

Ningekupigia simu kama watu wengine, ila masikio yako yalibaki katika gereji ya malori ya mgodi, na kila tukikupigia unajibu swali ambalo hatukuuliza. Basi naandika. Kabasele, yule anayenunua mihogo mikavu huko kwenu, atapanda treni wiki hii na kukupa mkononi.

Sasa neno lenyewe. Nimelinunua lile gari. Ni Subaru ya bluu yenye turbo, si mpya, lakini mwili wake hauna kutu na injini inaimba. Usiniulize kwa nini msichana wa maabara anataka gari la mbio. Unajua kazi yangu ya Kingamyambo: asubuhi napima unga wa yale mabaki ya mgodi, jioni naandika namba, kesho napima unga uleule. Nina miaka ishirini na tisa na siwezi tena kukaa kwenye kile kiti. Tarehe 9 ya mwezi wa nane watu wa klabu ya Lubumbashi watafanya mbio za udongo hapa, kwenye barabara ya machimbo ya zamani. Timu yao inatafuta dereva mmoja, na watamchagua siku hiyo. Nataka niwe mimi. Sijawahi kutaka kitu hivi.

Kila mtu anasema kwanza nibadilishe mahali gari linapovutia hewa, kwa sababu lile sanduku lililotoka nalo kiwandani linaibana pumzi ya injini. Nina chaguo tatu. Ezéchiel wa duka la vipuri ana bomba fupi linalong'aa, na mwisho wake filtre ya koni, chujio la hewa lililo wazi kabisa, inakaa juu ya injini. Ukikanyaga inavuta pumzi mpaka kuku wa jirani wanakimbia. Pia ana bomba refu linaloshuka hadi nyuma ya bampa kutafuta hewa ya baridi. La tatu ni sanduku lililofungwa, ndani yake filtre ya pamba iliyopakwa mafuta, na mdomo wake unavuta hewa kwa mbele, juu, karibu na taa. Hilo la tatu linatoka kwa mtu mmoja wa Solwezi, ng'ambo ya mpaka.

Wewe ndiye fundi. Niambie nichukue lipi, na uniambie upesi, maana nalala na magari kichwani.

Wako, Mianda

*

Kasaji, tarehe 30 mwezi wa tatu 2025

Mianda mama,

Moyo wenu wote. Barua yako imechelewa kwa sababu mvua ilikata njia ya reli na Kabasele alilala siku nne ndani ya behewa pamoja na magunia. Alifika akinuka mihogo, lakini barua ilikuwa kavu. Mwambie Fifi nimefurahi. Mwambie dada yangu aweke miguu juu ya kiti akisali, Mungu hatakasirika. Mimi sina ugonjwa. Nina pikipiki ya katekista ambayo kila wiki inapata ugonjwa mpya, na nadhani ni yeye anayeiambukiza.

Kuhusu gari. Lile bomba fupi ni filimbi, mwachie Ezéchiel apige mwenyewe. Filtre iliyo wazi juu ya injini inavuta hewa ambayo turbo imeshaichoma, na hewa ya moto haina nguvu. Utasikia kelele na utadhani ni mwendo. Bomba refu lina akili kidogo, lakini pua yake iko chini, pale tairi linapotupa kila kitu. Wakati wa mvua litakunywa maji ya dimbwi na kuvunja injini, wakati wa kiangazi litakula udongo. Hayo ni mabomba ya watu wenye lami.

La tatu ndilo. Sanduku lililofungwa, mdomo juu, hewa ya nje. Naandika hivyo nikiuma meno, lakini ukweli wa injini hauangalii nani anauza.

Ila usiniandikie tena “mtu mmoja wa Solwezi.” Mtu huyo ana jina. Nilimpa mimi, mbele ya padri. Na kwa kuwa wewe unalijua, sina haja ya kuliandika hapa.

Sasa sikiliza. Vumbi la huko kwenu Kolwezi si vumbi la vitabuni. Kila Jumamosi toa hiyo filtre, ipige taratibu juu ya tairi, halafu ipulize kwa kompresa, kutoka ndani kwenda nje, mpaka isitoke kitu. Ndivyo nilivyowafundisha watu miaka thelathini na nne, na malori yao yalitembea.

Tharcisse

*

Kapata, Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 mwezi wa nne 2025

Manseba,

Pasaka njema. Tulikula kuku wawili na mama akalia kidogo kwa sababu wewe hukuwepo, kisha akasema ni moshi wa makaa. Mtoto Mbombo anacheka usingizini. Kiti chako cha sebuleni bado hakikaliwi na mtu, mama anakiwekea taulo.

Sanduku limefika kutoka Solwezi na nimelifunga mwenyewe, asubuhi moja tu, kwenye uwanja kati ya nyumba yetu na ya jirani. Nilipotoka nalo barabara ya Kingamyambo nilicheka peke yangu kwa sauti. Gari lilikuwa likisitasita kabla turbo haijaamka. Sasa linaondoka mara moja. Nilifika kazini mapema na nikabaki nimekaa ndani ya gari, sikutaka kushuka.

Lakini kuna jambo. Ndani ya sanduku kulikuwa na karatasi ya maelezo, na Stany ameongeza kwa kalamu nyekundu: kuosha kwa maji na sabuni, kukausha kivulini, kupaka mafuta yake upya. Kupuliza, hapana kabisa. “Kabisa” amelipigia mstari mara mbili. Naandika jina lake, Manseba. Kama wewe huliandiki, lazima mmoja wetu aliandike.

Wewe unasema nipulize. Mwanao anasema nisipulize. Mimi nimsikilize nani?

Na swali la pili, ambalo mama hunikataza kuuliza. Najua kile tu ambacho Kapata nzima inakijua. Miaka sita iliyopita Stany alirudi kutoka mafunzo ya Zambia, akasema mbele ya mafundi wako kwamba filtre za malori mapya hazipulizwi, zinabadilishwa. Wewe ukamwambia anyamaze. Baada ya miezi miwili injini ya lori ikafa kwa vumbi, na karatasi ya kazi ilikuwa na sahihi ya Stany. Akafukuzwa, akavuka mpaka bila kuaga. Je, kuna kitu ambacho Kapata haikijui?

Mianda

*

Kasaji, tarehe 11 mwezi wa tano 2025

Mianda,

Salamu kwa dada yangu na kwa yule mdogo anayecheka usingizini. Mahindi huku ni mazuri mwaka huu. Mashine za kusaga zinafanya kazi kutwa, na mimi pamoja nazo. Mgongo unalalamika lakini haujagoma.

Uliuliza maswali mawili. Nitajibu moja.

Karatasi hizo zinaandikwa na watu ambao hawajawahi kulifuata lori la mgodi mwezi wa saba. Kwao mvua inaosha barabara mwaka mzima, wanaweza kukaa wanaosha filtre kama wanaosha shati. Wewe ukiiosha lazima ikauke siku nzima, na vumbi lako halisubiri. Puliza. Kila Jumamosi, ndani kwenda nje. Mimi ndiye niliyekufundisha kubadilisha tairi ukiwa na miaka kumi. Ukiona umepata mwalimu mwingine, usinipotezee karatasi.

Swali la pili sikuliona vizuri. Mwanga ulikuwa hafifu.

Tharcisse

*

Kapata, tarehe 8 mwezi wa sita 2025

Manseba,

Moyo wako. Baridi imeanza, asubuhi tunavaa vitu vyote tulivyo navyo. Mtoto Mbombo alipata homa siku tatu, akapona, sasa ana jino. Mama amemwonyesha hilo jino kila mtu wa kwaya ya Kapata, na wale ambao hawakuliona mara ya kwanza aliwafuata nyumbani. Fifi amerudi sokoni kuuza nguo. Jirani amepaka nyumba yake rangi ya kijani, na mama anasema inamuumiza macho, kisha anaitazama kutwa. Padri mpya anahubiri kwa muda mrefu lakini ana sauti nzuri.

Gari lipo.

Mama anakusalimu.

Mianda

*

Kasaji, tarehe 22 mwezi wa sita 2025

Mianda mama,

Gari lipo. Na daraja la reli lipo, na mlima upo. Umeniandikia jino la mtoto na rangi ya jirani, halafu kuhusu gari umeniandikia maneno mawili. Mimi ni kiziwi, si kipofu.

Nilimuuliza Kabasele. Akainama akaanza kuhesabu magunia ambayo alikuwa ameshayahesabu. Nikamshika mkono nikamwambia sitamwachia mpaka treni iondoke bila yeye. Akasema kwamba gari la bluu liko nyuma ya nyumba, juu ya matofali, na kwamba wewe ulimwambia asiseme.

Siku tano nimeshindwa kufanya kazi sawasawa. Jana nilifunga pikipiki ya katekista na bolti moja ikabaki mkononi, jambo ambalo halijawahi kunitokea tangu nianze kazi. Nakwenda stesheni hata siku zisizo na treni.

Niandikie kama unamwandikia fundi. Moshi ni wa rangi gani? Mafuta ya injini yanapungua? Turbo inalia?

Manseba wako

*

Kapata, tarehe 13 mwezi wa saba 2025

Manseba,

Moshi ni wa bluu. Mafuta yalikuwa yanakwisha kila wiki. Turbo ililia, kisha ikanyamaza.

Nilianza kuipuliza filtre Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nne. Bado sikuwa na jibu lako la pili, lakini nilikuwa na lile la kwanza, na nikasema Manseba hajawahi kunidanganya kuhusu injini. Nilikwenda kwa mzibaji wa matairi pale njia panda, ana kompresa kubwa. Nikaipuliza ndani kwenda nje kama ulivyoandika. Jumamosi sita. Kila mara ilitoka nyepesi zaidi, safi zaidi, na nilifurahi jinsi ilivyokuwa safi. Barua yako ya pili ilipofika, niliiweka ile karatasi ya kalamu nyekundu chini ya kabati. Stany alipiga simu mara moja akauliza inaendaje, nikasema inaendelea vizuri.

Halafu gari likaanza kuchoka kupanda. Nikatoa bomba baada ya filtre, nikapangusa ndani kwa kitambaa cheupe cha mama cha kanisani. Kilitoka chekundu. Nilikipeleka maabara nikakiangalia kwa darubini ile ninayoangalizia unga kila siku. Ulikuwa mchanga wa barabara, Manseba, chembe zenye makali, ndani ya injini yangu. Fundi alifungua turbo, mabawa yameliwa pembeni. Mgandamizo wa silinda haupo. Tarehe 9 inakuja na mimi sitakuwa kwenye mstari.

Nilimpigia Stany. Nitakuandikia alichosema jinsi alivyosema. Aliniuliza, “Nani alipuliza ile filtre?” Nikamwambia, “Mi njo nilipuliza.” Nikasikia akiweka spana chini. Kisha akasema si mimi: “Haina wewe, Mianda. Mukono ni yako, lakini mi najua fasi ile neno ilitoka.” Nikamwambia hapana, neno halikutoka mahali pengine, ni mimi peke yangu. Akasema, “Sawa. Wacha tuseme vile.” Alikuwa na sauti ya mtu aliyechoka sana. Mwishoni akauliza, “Muzee iko anasikia bado?” Nikamwambia husikii vizuri siku hizi. Akasema, “Hata zamani hakukuwaka anasikia.”

Nilitaka kuandika hapa kwamba sikulaumu. Niliandika, nikachana. Nakulaumu. Nilikuuliza waziwazi nikusikilize wewe au yeye, na wewe ulichukua swali langu ukalifanya ugomvi wako. Nakupenda, na wiki tatu hizi sikuweza kusikia jina lako mezani bila kuinuka. Mama hajui kitu, anadhani gari liliuzwa bovu.

Mianda

*

Kasaji, tarehe 27 mwezi wa saba 2025

Mianda,

Barua yako nimeisoma. Sina salamu leo, nisamehe.

Nitumie hiyo filtre. Usiioshe, usiifute, usiipige juu ya kitu. Ifunge ndani ya kitambaa umpe Kabasele.

Tharcisse

*

Kapata, tarehe 10 mwezi wa nane 2025

Manseba,

Mbio zilikuwa jana. Nilikwenda. Mama alisema nikae nyumbani, lakini ningekaa wapi, ningetembea tu kutoka mlangoni mpaka jikoni. Nilisimama kwenye kona ya tatu pamoja na watu wenye leso mdomoni. Magari kumi na saba. Kwenye ile kona wote walikuwa wanakata mapema mno, na mimi nilikuwa najua mahali pa kukata, nilikuwa nimepita pale zaidi ya mara mia moja. Mguu wangu ulikuwa unakanyaga ardhi bila mimi kutaka. Waliyemchagua ni fundi umeme wa Likasi. Anaendesha vizuri. Nilimpongeza, na nilipofika nyumbani nilijifungia, nililia kama mtoto.

Kesho narudi kwenye kiti changu cha maabara.

Filtre nimempa Kabasele. Sikutaka kuituma, maana najua utaona nini, na sijui kama nataka ukione. Una miaka sitini na tisa. Kapata hapa watu bado wanasema “kama Tata Tharcisse alisema, imekwisha.” Nilikuwa nasema hivyo mimi pia.

Jambo lingine. Stany anasema anaweza kuja mwezi wa kumi kuifungua injini, bila malipo, na ataleta pistoni na turbo ya mkono wa pili. Anasema injini itarudi. Lakini amesema hivi: “Nitakuja kama Muzee haiko. Kama iko, nitageuza.” Nimemwambia hutakuwepo. Mama alikuwa amekaa karibu, akasikia, akaondoka kwenda kumbeba mtoto.

Mianda

*

Kasaji, tarehe 31 mwezi wa nane 2025

Mianda, mwana wa dada yangu,

Moyo wako, na wa dada yangu, na wa Fifi, na wa yule mdogo. Mimi ni mzima wa mwili.

Kabasele alinipa kitambaa siku ya Jumanne. Nilingoja mpaka mchana, jua likiwa juu, nikatoka nje nikaishika filtre kuelekea juani. Pamba imeachana. Kuna matundu ambayo kidole cha mtoto kingepita, na palipobaki pamba, mafuta hakuna, pamekauka. Wewe hukukosea kitu. Umepuliza jinsi nilivyokuandikia, kwa upande niliokuandikia, siku nilizokuandikia. Ni kazi nzuri ya mwanafunzi mwaminifu, na kazi hiyo imeua injini.

Nilikaa nayo siku mbili. Siku ya tatu nilikwenda kwa mwenye lori la mahindi nikamwomba filtre yake ya zamani ya karatasi, nikaipuliza kama nilivyozoea, nikaishika juani pia. Katika ile mikunjo kulikuwa na nyufa ndogondogo. Miaka thelathini na nne nimepuliza, na sikuwahi kuinua hata moja kuelekea jua, kwa sababu ilikuwa imetoka safi na mimi nilikuwa mkubwa wa gereji. Malori yetu yalikuwa yanakufa mapema. Tulikuwa tunasema ni barabara.

Sasa nitajibu swali lako la pili, lile la Pasaka. Niliona vizuri sana ulichoandika.

Siku ile, miaka sita iliyopita, Stany alikuwa ameshasaini karatasi ya kazi asubuhi, kama desturi, kabla kazi haijafanyika. Ilipofika zamu ya filtre akakataa kuipuliza. Alisema, “Tata, hii haipuliziwi, tuombe ingine.” Alisema kwa heshima, mimi ndiye niliyesikia matusi. Nilimnyang'anya bomba la hewa mbele ya watu wote, nikaipuliza mwenyewe na kuirudisha mahali pake kwa mikono yangu. Injini ilipokufa, mkuu wa kazi alikuja na ile karatasi, akatukusanya, akauliza nani alipuliza filtre. Mafundi wakanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa mwanangu. Nilikuwa nimebakiza miezi mitano kustaafu. Nikanyamaza. Stany aliningoja. Nakumbuka alivyoningoja, ilikuwa muda mrefu. Halafu akamgeukia mkuu akasema, “Ni mi.”

Siku aliyoondoka nilikuwa nyumbani, ndani. Nilisikia akiburuta sanduku lake na sikutoka. Watu wanasema aliondoka bila kuaga. Aliaga, alisimama mlangoni. Mimi ndiye sikufungua.

Kwa hiyo ni wawili sasa. Yeye alisema ni yeye, na wewe umesema ni wewe, na mkono uliopuliza mara zote mbili ni wangu. Nimeona haya, Mianda. Naona haya kwa gari lako na kwa ile kona ya tatu ambayo ulijua mahali pa kukata. Sina cha kukurudishia mbio hizo. Mkuu wa kazi wa zamani yuko hai, anakaa Likasi. Nimemwandikia pia, barua nyingine, yenye maneno haya haya. Kabasele anaibeba pamoja na hii. Dada yangu umsomee yote, usiruke mstari.

Umesema mwezi wa kumi nisiwepo. Nakuomba ubadilishe hilo, lakini kwa wazi, asije akadhani tumemtegea. Mpigie Stany. Mwambie baba yake anataka kujifunza kuosha filtre, toka mwanzo, kama mtu wa siku ya kwanza gereji, na kwamba maji nitachota mimi. Mwambie nitakuja na treni na nitakaa barabarani mbele ya nyumba, sitaingia. Akitaka nirudi Kasaji, nitarudi, ila anitamkie yeye mwenyewe. Asogee upande wa kulia, sikio hilo bado linashika kidogo, na aseme taratibu. Hata kama yatakuwa maneno ya miaka sita, nitasimama pale mpaka amalize.

Tharcisse